Kipande cha Kimya

Tangu walipotoka kwenye kanisa la kwanza, lile la mawe lenye kengele iliyopasuka, mkaza mwana alikuwa na neno moja tu la kusema, na mama mkwe wake hakumpa nafasi hata ya kukohoa.

Neno lenyewe halikuwa refu. Mume wake, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha saruji ng'ambo ya milima, alikuwa amepata nyumba ya vyumba viwili, na alitaka mkewe ahamie huko mwezi ujao. Basi. Lilikuwa jambo la mwana kumwambia mama yake. Lakini mwana alipopiga simu aliuliza habari za kuku, akauliza habari za paa, akasema mtandao unasumbua, akakata. Kisha akampigia mkewe.

"Mwambie wewe," alisema. "Si mnakwenda kuhiji pamoja? Mtakuwa na njia nzima ya kuongea. Mimi mama akininyamazia kwenye simu tumbo linaniuma."

Njia nzima. Laiti angeiona hiyo njia nzima.

Mama mkwe alikuwa fundi wa nguo, mtu wa mwili mkubwa na sauti ya kumwita aliye shamba la pili. Yeye alikata vitambaa, mkaza mwana akakanyaga cherehani. Kwa kuwa aliikanyaga polepole, alibandikwa jina la Taratibu, likamganda mpaka majirani wakasahau lile la kuzaliwa. Walikuwa na chumba kimoja cha kushonea, meza moja na dirisha moja. Mmoja akiondoka, kazi ya wote wawili ingekaa upande kama kiti kilichovunjika mguu.

Walipoanza kupanda barabara ya udongo, mahujaji wengine wakiwa wametangulia, Taratibu alijikaza.

"Mama, kuna jambo nataka..."

"Subiri kidogo." Mama mkwe alikuwa amemwona mwanamke mmoja mbele, anachechemea, goti limefungwa bendeji. "Dada, mbona unatembea peke yako kama umefukuzwa? Tungoje."

Yule alikuwa muuguzi mstaafu, na akawangoja kwa furaha. Kuanzia hapo likawa ni goti. Lilivyoanza, lilivyovimba, daktari alivyosema, na yeye alivyomwambia daktari. Taratibu alitembea nyuma yao kama mzigo tu.

Kanisa la pili lilikuwa limebaki peke yake. Kijiji chake kilihamia kwenye barabara mpya zamani, kikaacha kuta za nyumba bila mapaa na kanisa lenye mbayuwayu ndani. Muuguzi alikwenda kutafuta choo. Taratibu akaona ndiyo hapo hapo.

"Mama, mwanao alisema..."

"Mwanangu anasema mengi. Hebu tazama ule mlango. Mbao kama ile siku hizi huipati." Na mama mkwe akainuka, akaenda kuugonga mlango kwa vidole kama mtu anayenunua tikiti maji, akakaa huko mpaka muuguzi aliporudi.

Mchana walifika kwenye kanisa la kilimani, dogo, ngazi zake zimelika katikati kwa nyayo za watu. Katekista aliyewaongoza, mwembamba, mkali wa macho, aliwakusanya kivulini.

"Kutoka hapa mpaka kanisa la mtoni tunatembea kimya," alisema. "Hakuna kuongea, hakuna simu. Ndivyo kipande hiki kinavyotembewa tangu zamani. Tukifika, kila mwenye shukrani atasimama aiseme mbele ya wote."

"Mimi yangu ninayo tayari," mama mkwe akasema, na nusu ya mahujaji wakageuka. "Namshukuru Mungu kwa huyu Taratibu. Wenzangu wanakimbiwa na wake za watoto wao. Wangu atakaa nami mpaka anifumbe macho. Nitalisema mle kanisani, kila mtu alisikie."

"Una bahati, dada," muuguzi akasema. "Wangu hata chumvi haniombi."

Taratibu alihisi masikio yakimwaka. Neno hilo likishasemwa mbele ya altare, nani angelirudisha? Angeondoka akiwa mwanamke aliyemfanya mama wa watu mwongo kanisani. Akafungua mdomo. Katekista akapiga makofi mara moja, na kimya kikaanza.

Njia ilishuka katikati ya miti mirefu. Zilisikika nyayo tu, na fimbo ya mzee mmoja huko nyuma. Taratibu alitembea akiutazama mgongo wa mama mkwe, ndani ya gauni alilolishona yeye mwenyewe, na kila hatua ilimwongezea hasira. Alimkasirikia mumewe na tumbo lake. Alilikasirikia goti la muuguzi. Alijikasirikia mwenyewe, mtu mzima anayebeba sentensi moja kutwa nzima kama maji kwenye kiganja.

Ndipo alipong'amua jambo. Tangu aolewe, hii ilikuwa mara ya kwanza mama mkwe kukatazwa kusema.

"Mama," akasema.

Ilikuwa sauti ndogo, lakini katika kimya kile ilianguka kama mfuniko wa sufuria. Mama mkwe akageuka, kidole midomoni.

"Sinyamazi, mama. Nimenyamaza tangu asubuhi. Mwanao amepata nyumba. Anataka nihamie kwake mwezi ujao, na mimi nataka kwenda. Alitakiwa akuambie mwenyewe, akaogopa. Usiende kunishukuru mbele za watu kwa jambo ambalo sitalifanya."

Mama mkwe akafumbua mdomo. Katekista akageuka, akamkazia macho mama mkwe. Akaufumba. Akasonya. Katekista akatikisa kichwa; kumbe hata msonyo ulihesabika. Muuguzi, ambaye goti lilimchelewesha safari nzima, ghafla alipata mwendo, akawa begani mwao.

"Mume wangu akija likizo anakaa na wewe sebuleni mnaongea habari za paa mpaka anasinzia," Taratibu aliendelea. "Asubuhi anaondoka. Mimi nina mume wa kwenye simu, mama."

"Ee," akasema muuguzi, kisha akajiziba mdomo.

Maneno yakamwishia. Alidhani akishayatoa atakuwa mwepesi. Wapi. Mama mkwe alitembea mbele kwa kasi, shingo ngumu, na kimya sasa kilikuwa chake yeye. Njia iliyobaki ilikuwa ndefu kuliko yote waliyokwisha kuipita.

Kanisa la mtoni lilikuwa fupi, kuta zake zimepakwa chokaa. Katekista alipotangaza kwamba kimya kimekwisha, watu walilipuka kwa maneno kama watoto wanaotoka shule. Mama mkwe alikaa kwenye ngazi, akavua kiatu, akakung'uta changarawe.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Kumbe maneno unayo, unayaweka tu." Akakung'uta tena, ingawa changarawe ilikwisha kutoka. "Nilijua. Tangu ulipoanza kufua mablanketi yasiyo machafu. Unadhani huyu dada nilimwita kwa sababu napenda habari za magoti?"

"Nawasikia lakini," muuguzi akasema. Alikuwa amesimama karibu, anakunywa maji bila haraka.

"Sikia tu. Leo kuna usilolisikia?"

Hasira ya Taratibu ikapanda upya. Kutwa nzima amesukuma mlango, kumbe mtu yuko upande wa pili ameuegemea. "Kwa hiyo ulijua, na bado ungesimama mle ndani useme vile?"

"Ningesema. Ungeona haya, ungebaki." Hakuona aibu hata kidogo.

"Ningebaki nikikuchukia, mama. Kila nikikanyaga ile cherehani."

Mama mkwe alivaa kiatu polepole. "Sijakuruhusu kwenda."

"Sikuomba ruhusa. Nilikuwa nakuaga."

Mama mkwe alimtazama kama anavyotazama kitambaa alichokwisha kukipitisha mkasi. Kutoka ndani katekista aliita wenye shukrani. Mama mkwe akainuka, akaingia, na Taratibu akamfuata. Alikaa benchi la nyuma. Mtu mmoja alishukuru kwa mvua, mwingine kwa mtoto aliyepona. Kisha akamwona mama mkwe akitembea katikati ya mabenchi, akafika mbele, akageuka, akapangusa jasho.

"Nilikuwa na shukrani," akasema kwa ile sauti yake ya kusikika shamba la pili. Kanisa zima likangoja. "Nimeiahirisha."

Akarudi mpaka benchi la nyuma, akamwambia Taratibu, "Sogea," akaketi.