Obonyo Asimamisha Fidla

Likizo ile ya Agosti, mwaka wa hamsini na saba, Aoko alikuwa Mjaluo peke yake katika kambi ya muziki ya misheni, juu ya mashamba ya chai ya Kericho. Wiki ya kwanza ilimtoa jasho. Nyumbani, kwenye laini za wafanyakazi, alizoea kuiegemeza fidla yake tumboni, jinsi baba yake Obonyo alivyopiga orutu, fidla ya kwao yenye uzi mmoja. Hapa wenzake walicheka hadi wakashika mbavu. Wanjuhi, binti wa mwenye duka wa Chepseon, ndiye aliyemwonyesha kuibana chini ya kidevu. Shingo ilimuuma, lakini Aoko hakuwa msichana wa kulilia shingo.

Jumamosi wazazi wakaalikwa. Mwalimu Momanyi, mtu mkavu asiyejua mzaha, alikuwa ametangaza sheria: kila mwanafunzi apige wimbo mmoja peke yake, na atakayesimama katikati ya wimbo afunge virago. Na Aoko aliipenda kambi hii kuliko wali wa Krismasi.

Zamu yake ikafika. Akaanza vizuri, wimbo ukakolea, hata wapishi wakaja mlangoni. Hapo ndipo Obonyo, koti lake bado lina vumbi la kiwanda cha chai, aliposimama na kunyoosha mkono.

"Simamisha hapo!"

Watu wakageuka. Aoko akajua mara moja: pakruok. Kwao, wimbo ukimkolea mtu husimama ajisifu, na mpigaji sharti anyamaze. Akiendelea, amemtukana baba mbele ya watu. Akinyamaza, kambi imekwenda.

Akanyamaza.

"Mimi Obonyo! Nilizaliwa mwaka ya nzige, nzige ikaniona ikahama! Hii chai nyinyi mnakunywa, ni mimi nakausha! Na huyu msichana ni damu yangu! Kama kuna mwingine amezaa hivi, asimame nimuone!" Akavuta pumzi. "Haya, nyara, binti yangu, endelea."

Aoko akaendelea pale pale alipoachia, bila kubahatisha, hadi mwisho. Kisha akaanza kuifunga fidla sandukuni, kichwa juu. Hakujuta hata chembe. Alijiona mkubwa kuliko ukumbi ule.

"Unakwenda wapi?" Mwalimu akauliza.

"Nyumbani, Mwalimu. Nimesimama katikati."

Momanyi akamtazama Obonyo, kisha Aoko.

"Anayekwama hupapasa akitafuta njia. Wewe umetulia baba yako akipiga kelele, ukarudi pale pale. Hiyo mimi siwezi kumfundisha mtu. Kaa mbele, kiti cha kwanza."

Akamgeukia Obonyo. "Na wewe, mzee, umemaliza?"

"Mimi?" Obonyo tayari alikuwa akifunga vifungo vya koti. "Mwalimu, hata sijaanza."

Aoko akaitoa fidla tena, akaibana kidevuni, akampigia baba yake apate kujisifu.