Tozo ya Kabla ya Saa Tatu

Kazi ya Kitinda ilikuwa kuuza kitu ambacho watu walidhani ni cha bure, yaani barabara. Mji wao ulikatwa katikati na mto, nyumba upande huu, ofisi na hospitali kubwa upande ule, na daraja lilikuwa moja tu. Miaka nenda miaka rudi, magari yalikesha pale tangu alfajiri, mtu akafika kazini amechoka kabla hajaianza kazi. Kitinda, mchumi wa idara ya barabara na kitinda mimba wa mama mshona sare, ndiye aliyepiga hesabu akasema basi, tuuze. Kabla ya saa tatu asubuhi kuvuka kukawa ghali mara nne kuliko baada ya hapo. Kamera ilisoma namba ya gari, na tozo ikakatwa kwenye simu ya mwenye gari. Waliotukana walitukana, tena redioni, lakini foleni iliyeyuka, na hilo hakuna aliyeweza kumnyang'anya.

Siku ile ya kwanza alikwenda kwa mama yake kujisifu, maana mtu hata awe na shahada tatu, sifa tamu ni za mama. Akamweleza kwamba bei haimfukuzi mtu, inamuuliza tu kama haraka yake ni ya kweli. Aliye nayo atalipa apite. Asiye nayo atasubiri kidogo, na kwa kusubiri kwake anamfungulia njia mwenzake. Mama aliacha cherehani, akavua miwani, akalipima jambo hilo kama anavyopima kola.

"Haraka haraka haina baraka," akasema, "kumbe sasa ina bei yake."

Alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akataka aandikiwe zile saa kwenye karatasi, herufi kubwa, asije akazisahau. Karatasi akaitia kwenye pochi, na kila mteja aliyeleta mtoto kupimwa sare alitolewa karatasi ile, akasomewa, akaambiwa ni nani aliyeyapanga hayo. Wateja waliitikia kwa adabu, maana sare zilikuwa hazijakamilika.

Lakini kuna jambo moja ambalo Kitinda hakumsimulia mama. Kwenye kikao cha kupitisha kanuni, muuguzi mmoja mstaafu aliuliza, je, mgonjwa aliyebebwa na gari la nyumbani? Magari ya wagonjwa yalisamehewa tozo, lakini nani asiyejua kwamba gari la wagonjwa ukiliita leo linakuja kesho? Kitinda hakuhitaji kufikiri. Alisema tukiufungua mlango huo, kila gari la asubuhi litakuwa na mgonjwa. Kikao kizima kikacheka. Muuguzi hakucheka, lakini alikuwa peke yake, na kifungu cha kuwasamehe wagonjwa wa magari ya nyumbani hakikuandikwa.

Mama alifariki siku ya Jumanne. Aliamka mkono wa kushoto umekufa ganzi na ulimi mzito. Kaka yake Kitinda, mwana wa kwanza, ambaye ana pikapu ya kubebea magodoro, alimchukua kumpeleka hospitali. Kiharusi. Daktari alisema wangemfikisha nusu saa mapema pengine angeokoka, na ilipofika alasiri akawaita ndani kuwapa pole. Msibani watu waliuliza kilichowachelewesha. Kaka alijibu maneno mawili, walikwama njiani, kisha akatoka nje kupanga viti.

Kitinda aliyashika maneno hayo mawili kama fimbo. Foleni imemuua mama! Alilia siku kumi, siku ya kumi na moja akarudi ofisini macho makavu, akaanza kuandika pendekezo kwamba tozo ya kabla ya saa tatu iongezwe maradufu, daraja libaki jeupe, asife mama wa mtu mwingine. Wenzake walimwonea huruma na hakuna aliyethubutu kumpinga. Mtu mwenye uchungu na takwimu kwa pamoja hapingiki.

Ili pendekezo lisimame, alizitoa kumbukumbu za Jumanne ile. Akatafuta foleni, asiione. Tangu saa moja mpaka saa nne magari yalipita bila kusimama, tena ilikuwa moja ya asubuhi nyepesi za mwezi. Alizisoma tena, akidhani amekosea tarehe. Hakuwa amekosea.

Kulikuwa na orodha nyingine. Hatua mia mbili kabla ya daraja pana eneo la kando, na madereva walijizoesha kuegesha hapo mpaka saa tatu igonge. Kitinda aliwaita wasubiri. Aliwapenda. Katika kila ripoti aliwataja kama ushahidi kwamba watu wanaisikia bei, na kamera ya pale aliiomba yeye mwenyewe. Akaishuka orodha kwa kidole, akaikuta pikapu. Imeingia saa mbili na dakika thelathini na saba. Imetoka saa tatu kamili. Dakika ishirini na tatu.

Alimkuta kaka yake uani, anakunja turubai. Hakumsalimu, na tangu wazaliwe hakuwahi kumkosea adabu hivyo. Alimuuliza kama ni kweli alimweka mama kando ya barabara ili aokoe tozo. Alimuuliza tozo ile ilikuwa shilingi ngapi. Alisema mengine ambayo ndugu wakishaambiana hayafutiki.

Kaka alimaliza kukunja turubai. Ndipo akaketi juu yake.

"Salio nilikuwa nalo," alisema. "Nilishaingia njia ya daraja. Mama ndiye aliyenishika mkono. Akaniambia, 'Saa ngapi sasa? Simama pale na wenzako. Mimi mkono tu umelala, sina haraka ya kweli. Tuwapishe wenye haraka ya kweli.' Akatoa karatasi yako akanisomea."

Kaka alilainisha kunjo la turubai kwa kiganja, akaendelea.

"Nikamwambia mama, tulipe tu twende. Akasema sisi tusipoifuata, nani ataifuata, na aliyeipanga ni mtoto wetu? Basi nikasimama. Alipiga hadithi pale, we mwenyewe unamjua. Baadaye akanyamaza. Nikajua amesinzia." Aliikaza kamba ya turubai. "Nikashusha kioo apate hewa. Nilimwacha apumzike, mdogo wangu. Saa tatu nikawasha gari, hakuamka."

Kitinda aliuliza kwa nini msibani hakusema.

"Ulikuwa unalia sana. Nikasema hili nalibeba mwenyewe, yatosha. Hukutaka nilibebe."

Hakuna aliyemgusa mwenziwe. Wangekumbatiana labda ingesaidia, lakini hawakukumbatiana. Kitinda alikwenda zake nyumbani, pendekezo akalichana, na kulichana hakukumpunguzia kitu.

Juma lililofuata hospitali iliwaita wakachukue vitu vya marehemu, miwani, pochi na viatu. Kaka alimpitia asubuhi. Kitinda alipanda akaketi kiti cha mbele, wakaenda mpaka karibu na daraja. Saa ya garini ilionyesha saa tatu kasoro dakika kumi na tano. Kaka akakata kona, akaingia pale kando.

"Pita, kaka," alisema Kitinda. "Nitalipa mimi."

"Tuna haraka gani?" kaka akamuuliza, akazima gari.

Hakulisema kwa ukali, ndiyo maana lilimchoma. Kitinda aliketi mahali alipoketi mama. Mbele yao daraja lilikuwa jeupe, pana, gari moja moja likipita kwa raha, jinsi alivyolichora. Magari kumi na mawili yalikuwa yamesimama pamoja nao. Ofisini angeyahesabu, angefurahi. Hapa aliona vioo tu, na nyuma ya vioo vichwa vya watu, na vingine vilikuwa vimeegemea kiti.

Alifungua mlango akashuka. Akaenda kwenye gari la kwanza, akagonga kioo. Mle mlikuwa na mwalimu na madaftari yake. Akamuuliza kama wana mgonjwa. Akaenda la pili, akauliza. La tatu lilikuwa na mzee aliyefumba macho, Kitinda akagonga kwa kiganja kizima mpaka mzee akashtuka na binti yake akamfokea, ana nini yeye, wao hawaumwi, wanasubiri bei ishuke kama watu wengine. Akaomba radhi, akaenda la nne. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta, na madereva walianza kupandisha vioo wakidhani ni mwombaji au ana kichaa.

Alikuwa amefika gari la tisa saa tatu ilipogonga. Magari yote yakawashwa kwa pamoja, yakaondoka yakimpita huku na huku, na matatu hakuwahi kuyauliza. Kaka alisogeza pikapu polepole mpaka pale aliposimama, akamfungulia mlango kwa ndani.

"Panda," alimwambia. "Twende tukachukue miwani ya mama."