Ndoo ya Kuku na Mrija wa Anne

Capitoline hakusema neno la lawama. Hapo ndipo ubaya ulipokuwa, maana neno hujibiwa.

Jumapili ile baada ya misa, wanawake wa jumuiya walikuwa wamezunguka vyungu viwili vya pombe ya mtama. Anne alitumbukiza mrija wake, akavuta kidogo, akajisogeza kumpisha shoga yake kama kawaida. Capitoline akakunja mikono, akasema tumbo linamuuma. Kisha, watu wote wakiona, akahamia chungu cha pili na kunywa na wengine bila dalili yoyote ya tumbo.

Kwa Warundi, kumkataa mtu kwenye chungu ni kumwita mwizi au mchawi bila kufungua mdomo. Anne alikuwa Mkongo wa Kivu Kusini, lakini alikuwa ameishi na Warundi wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, vya kutosha, na alielewa. Akachomoa mrija wake, akaupangusa kwa kitenge, akaondoka.

Na hawa hawakuwa majirani wa salamu tu. Capitoline alipofika kambini kutoka Burundi, mvua ikimnyeshea, mtoto wake Régis akiwa mgongoni, ni Anne aliyemfungulia kona ya turubai lake. Ipo desturi kwamba mwenye pombe huonja kwanza, wageni waone haina sumu. Hao wawili walishaiacha. "Kati yetu hakuna kuonja," Anne alikuwa akisema, na mrija wake ulikuwa umeshaingia chunguni kabla povu halijatulia.

Kilichowagombanisha ni kuku. Banda lilikuwa uani kwa Anne, chakula kilinunuliwa na Capitoline, mayai waligawana. Anne alilisha asubuhi, Capitoline jioni. Mambo yalikwenda vizuri mpaka kuku walipokua. Ndipo gunia la pumba na dagaa likaanza kuisha upesi kuliko akili inavyokubali. Mayai hayaongezeki, kuku hawanenepi, gunia tupu! Capitoline akaanza kuwatazama bata wa Anne. Aliona wananawiri. Ukishamshuku mtu, hata bata wake hunawiri machoni pako.

Jumatatu alipanda gari kwenda mji wa Mbarara kununua kufuli.

Mwenye duka la vyakula vya mifugo kule Nyamityobora alimpa kufuli, akamuuliza anafungia nini.

"Chakula cha kuku. Kuna mtu anakichota."

"Nyabo, mama, kuku yako inakulia wapi?"

"Kwenye karai."

Mwenye duka akacheka mpaka akashika kaunta. "Karai wazi? Basi mwizi iko ndani ya banda! Kuku inaingia na miguu, inapekua, inamwaga, inakanyaga. Nusu inakula, nusu inatupa."

Akamwonyesha chombo cha kulishia cha kiwandani, kisha yeye mwenyewe akakirudisha juu. Hicho bei kali, akasema. Atafute ndoo kuukuu yenye mfuniko, aitoboe pembeni chini kabisa, matundu ya kupitisha yai, aikaze kwa bolti juu ya beseni pana kidogo kuliko ndoo. Chakula kitashuka kidogo kidogo kadiri kuku wanavyodonoa. Aining'inize ndoo hiyo kwa kamba, ukingo wa beseni ulingane na mgongo wa kuku, ili asiweze kupekua kwa miguu.

Capitoline hakumwamini hata kidogo. Lakini akilini mwake kilizuka kitu kibaya, na akakipenda. Akifunga gunia kwa kufuli, mwizi ataacha kuiba na hatajulikana kamwe. Akiliacha wazi, na kuku wakila kwenye ndoo isiyomwaga, gunia likiisha tena Anne hatakuwa na pa kujificha. Akalirudisha kufuli. Ndoo na beseni alivipata kwa mchuuzi wa vyombo vikuukuu Kakoba, akarudi navyo amevipakata.

Alikuwa anatoboa ndoo kwa kisu kilichochomwa makaani, pale pale uani, Anne alipotokea mlangoni.

"Mama Régis, kama uko na neno, sema. Usinikatalie mrija mbele ya batu mingi vile."

"Sina neno, Mama Grâce," Capitoline akajibu. "Gunia litasema."

Anne akageukia banda. "Sawa. Kuku hazina kosa. Mi nitazilisha asubuhi kama siku zote."

Ndoo ikaning'inizwa. Kuku waliiogopa mchana ule, kisha wakaizoea. Kila jioni Capitoline alizamisha mkono guniani kupima. Alikuwa amekwisha kuyapanga maneno atakayosema mbele ya jumuiya, hata mahali pa kunyamaza ili watu wagune.

Gunia halikushuka alivyotarajia. Akadhani mkono umemdanganya. Kesho yake akapima kwa fimbo. Fimbo ikasema yale yale. Anne alipita na ndoo ya maji, hakusalimia, na Capitoline akajikuta anaomba, Mungu amsamehe, anaomba gunia liishe. Likiisha, yeye ni mwanamke aliyeibiwa. Lisipoisha, je, yeye ni nani?

Wiki ambayo gunia la zamani lingekuwa limekwisha, hili lilikuwa bado na nusu nzima.

Jioni hiyo Anne alipokuwa ameenda kuteka maji, Capitoline alichukua jembe, akaingia bandani na kukwangua mahali karai lilipokuwa likikaa. Juu palikuwa na kinyesi na manyoya. Chini yake jembe likagonga kitu kigumu. Akakibandua kwa vidole. Kilikuwa pumba, pumba tupu na vichwa vya dagaa, imekanyagwa na kushindiliwa, imeota ukungu. Akachimba pembeni, nako pumba. Magunia yake yote yalikuwa pale, hayakuwahi kutoka nje ya mlango.

Aliketi chini katika uchafu ule na kuona haya mpaka masikio yakawaka.

Jumapili iliyofuata alibeba chungu chake mwenyewe. Angeweza kwenda kwa Anne kimyakimya, lakini alikuwa amemtukana hadharani, na la hadharani humalizwa hadharani. Akakiweka mbele ya miguu ya Anne, wanawake wote wakiona, akachomeka mirija miwili.

"Nilikuita mwizi bila kusema," alisema. "Leo nasema kwa mdomo. Hukuchukua hata punje. Chakula kilikuwa chini ya miguu ya kuku, na mimi sikutazama. Nisamehe, Mama Grâce."

Povu lilikuwa bado linachemka. Capitoline alisubiri mkono wa shoga yake uwahi mrija kama zamani. Mkono haukutoka kwenye kitenge.

"Nimesikia," Anne alisema taratibu. "Nimekusamehe. Onja kwanza."

Capitoline akainama, akavuta. Pombe ilimpanda puani pamoja na machozi. Anne alimtazama kooni, jinsi mtu anavyomtazama mwenyeji asiyemjua, mpaka alipomwona amemeza. Ndipo akashika mrija wake.