Mgombea wa Mitaro Kwenye Kibaraza cha Trudy

Trudy Vandersloot alikuwa hajapiga kura tangu alipomwacha mumewe, na kazini walimsema kwa hilo. Yeye na Bernadine walikaa meza moja katika karakana ya kutengeneza meno ya bandia, na kila uchaguzi ulipokaribia Bernadine alianza.

"Kura hupigi, lakini kulalamika unalalamika! Afadhali hata mume wangu, yeye hupigia watu wasiofaa, ila anakwenda."

Trudy alibinua mdomo, akaendelea kusugua ufizi wa plastiki. Angemwambia nini? Kwamba katika jimbo la Michigan daftari la wapiga kura ni mali ya umma, jina lako, barabara yako na namba ya nyumba yako, na mtu yeyote akiomba nakala anapewa? Garrett Hoeksma, mume aliyemwacha, alikuwa na muda wa kuomba. Muda ndicho kitu pekee alichowahi kuwa nacho kwa wingi.

Garrett alimvunja Trudy kifundo cha mkono kwa mlango wa gari, kisha akawaambia watu mkewe hana uangalifu. Trudy alipoondoka, kila nyumba aliyohamia Garrett aliijua. Hakubisha hodi. Aliegesha gari upande wa pili wa barabara, akala mbegu za alizeti na kutupa maganda dirishani, ili asubuhi Trudy ayakute. Huo ndio ulikuwa uanaume wake. Mahakama ilimpiga marufuku kumkaribia, lakini amri ile ilikuwa na mwisho, na ilipokaribia kwisha Trudy akahamia kaunti nyingine, Lathrop, mwendo wa zaidi ya saa moja kwa gari. Barua zake zikaenda kwenye sanduku la posta mjini. Simu ikaandikishwa kwa jina la dada yake. Akapata nyumba ndogo ya mbao kwenye barabara ya Cutler, yenye jiko kubwa kuliko sebule, akaipenda kama mtu anavyopenda kitu alichokipata kwa kuchelewa.

Kilichomtoa mafichoni ni gari la wagonjwa. Kata ilitaka kulifuta ili kupunguza kodi, na jambo likapelekwa kwenye kura ya Agosti. Majira ya baridi yaliyopita gari hilo lilikuwa limemwahi mzee Orville, jirani yake, akiwa ameshakuwa wa bluu midomoni. Trudy alikuwa amekaa naye sakafuni akimshika mkono mpaka likafika. Kwa hiyo mwezi wa Julai akajikaza, akaenda ofisi ya kata.

Karani alikuwa Bi Marlys Tinholt, mwanamke wa nywele zilizopulizwa dawa zikawa ngumu kama kofia.

"Kuna mtu sitaki ajue ninapokaa," Trudy alimwambia. "Anwani yangu itaonekana?"

"Mama, nani asome madaftari hayo?" Bi Tinholt akacheka. "Ni ya wanasiasa tu, wanatafuta pa kutuma vipeperushi. Utaletewa takataka kwenye sanduku la barua, basi. Tia sahihi hapa."

Trudy akatia sahihi. Agosti akapiga kura, na gari la wagonjwa likabaki.

Septemba, Jumamosi moja mchana, alikuwa anapika supu ya njegere na soseji aliposikia kengele ya mlango. Akafungua, akamkuta Garrett amesimama kibarazani, amevaa tai, na kitambulisho cha mgombea kimebanwa kifuani.

"Habari za mchana, mama," Garrett akasema, kana kwamba hawajawahi kulala kitanda kimoja. "Naitwa Garrett Hoeksma, nagombea ukamishna wa mitaro, kusimamia mifereji ya maji ya kaunti. Napita nyumba kwa nyumba kuwasikiliza wananchi."

Trudy akampandisha na kumshusha kwa macho. Tumbo lilikuwa limeutangulia mkanda. Meno ya mbele aliyokuwa akimchekea nayo, Trudy aliyatengeneza kwa mikono yake mwenyewe, mwaka ule Garrett alipoanguka kutoka kwenye boti iliyofungwa gatini, bila wimbi wala upepo, bia tu.

"Umenenepa," akamwambia.

Tabasamu likayumba. "Nakusalimia kistaarabu, wewe unaanza."

"Umeijuaje nyumba hii?"

"Daftarini, jamani! Ulijiandikisha Julai. Nimefurahi kweli, hatimaye umekuwa raia mwema. Mimi ni mgombea, Trudy. Kubisha hodi ndiyo kazi yangu sasa. Au kuna sheria inakataza?"

"Shuka kwenye kibaraza changu."

"Huna mtaro unaokusumbua? Maji hayatuami huko nyuma?" Alikuwa anachungulia juu ya bega la Trudy, anatafuta mlango wa jikoni uko upande gani.

"Mtaro ninaouona mimi ni mmoja, na umevaa tai."

Garrett akacheka kwa sauti, kwa faida ya barabara. Akachomeka kipeperushi chini ya chungu cha maua, akashuka ngazi polepole huku akipapasa ukingo kama anayekagua mali yake. Hakuondoka. Alikaa garini, dirisha limeshushwa, mkono ukienda mdomoni na kurudi. Mbegu za alizeti.

Trudy alifunga mlango, akazungusha ufunguo mara mbili, na kilichomuudhi zaidi ni huo ufunguo. Kujifungia kwa ajili ya kijimtu kama kile! Akapiga simu polisi. Askari alipofika Garrett alikuwa ameshaondoka, na askari akasimama kibarazani vidole gumba vimechomekwa mkandani.

"Mgombea ana haki ya kubisha hodi, mama. Alikutishia?"

"Aliniulizia mitaro."

"Sasa hilo nitaliandikaje?"

"Liandike hivyo hivyo, kama kalamu yako ina wino."

Hakuandika. Trudy akamfungia mlango kabla hajamaliza kumtakia mchana mwema.

Supu ilikuwa imeshika chini. Akakaa mbele yake na kipeperushi mkononi, akitafuta cha kuchukia zaidi. Kulikuwa na picha ya Garrett amevaa mabuti ya mpira kando ya mfereji, amekunja ngumi kama jemadari. Chini yake maandishi makubwa: Maji Yaende Yanakotakiwa. Na chini zaidi, kwa herufi ndogo: Kamishna wa Mitaro, Kaunti ya Teasdale.

Teasdale. Trudy akasoma tena. Yeye alikuwa Lathrop. Barabara yote ya Cutler ilikuwa Lathrop, na hapo katikati kulikuwa na kaunti nyingine nzima. Mwanamume amefunga tai, ameendesha gari zaidi ya saa moja, amekuja kumwomba kura mtu asiyeweza kumpigia hata angemuonea huruma. Akacheka peke yake jikoni mpaka akalazimika kushika meza. Akili hiyo ndiyo aliyokuwa akiikimbia miaka yote! Amehama nyumba ngapi, ameficha jina kwa ajili ya mtu asiyejua mipaka ya kaunti ambayo anataka kutawala mitaro yake. Kisha akaacha kucheka, kwa kuwa kifundo cha mkono kilikumbuka kwamba ujinga wa Garrett haujawahi kumzuia kufanya lolote.

Kabla giza halijaingia alipita nyumba zote za barabara ile kuulizia. Hakuna mwingine aliyebishiwa hodi. Mzee Orville ndiye aliyekuwa ameliona gari.

"Nilidhani anauza bima," mzee alisema. "Alikuwa na sura ya kuuza bima. Nikimwona tena nimwambie nini?"

"Usimwambie kitu. Andika tu kwamba hakufika kwako, utie sahihi."

Jumatatu akaenda kwa Bi Tinholt, akamwekea kipeperushi mezani.

"Uliniuliza nani asome madaftari hayo. Huyu hapa, ana picha na kila kitu."

Bi Tinholt akavaa miwani, akaivua. "Pole sana, mama. Lakini daftari ni la umma, sisi hatuwezi kuchagua nani alione. Uwazi ndio unaolinda uchaguzi. Hata mimi jina langu limo."

"Na nyumba yako?"

Karani akawa anapanga kalamu zilizokuwa zimepangwa. "Mimi... baada ya uchaguzi ule wenye fujo watu walinitumia vitisho. Ikabidi yangu ifichwe. Kuna mpango wa jimbo kwa watu wanaotishwa. Wanakupa anwani ya serikali, barua zinapitia huko, na daftarini nyumba yako haionekani."

Trudy alimtazama mwanamke yule na nywele zake ngumu, akahisi dharau inampanda taratibu kama maziwa yanayochemka.

"Kwa hiyo njia ilikuwepo. Julai ilikuwepo."

"Hukusema kama ni mambo mazito kiasi hicho."

"Nilisema kuna mtu sitaki ajue ninapokaa. Ulitaka nikuletee mfupa uliovunjika?"

Bi Tinholt akawa mwekundu mpaka shingoni. Akafungua droo, akatoa namba ya simu ya mwanamke wa kituo cha wanawake anayeshughulikia maombi hayo, akampigia mwenyewe, akisema "tafadhali" mara nyingi. Trudy hakumshukuru. Mwanamke wa kituo alieleza vizuri, na habari mbaya akaitanguliza: mpango unaficha nyumba ambayo mtu huyo bado haijui. Barabara ya Cutler ilikuwa imeshatoka kwenye nakala iliyogawiwa, na hakuna serikali inayoweza kuifuta kichwani mwa Garrett. Kama anataka kufichwa, ahame.

Trudy alilia siku hiyo, ndani ya gari, mbele ya ofisi ya kata, kwa ajili ya jiko. Kisha akapangusa uso akaenda mahakamani kuomba amri mpya.

Siku ya kesi Garrett alikuja na tai ileile. Akamweleza jaji, mwanamke mwembamba aliyekuwa na mafua, kwamba yeye ni mtumishi wa watu anayeandamwa na mke wa zamani mwenye kinyongo, na kwamba siku ile alikuwa kwenye kampeni.

Jaji alikuwa na kipeperushi na karatasi za majirani mbele yake. Akapenga kamasi.

"Bwana Hoeksma, unagombea Teasdale."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Barabara ya Cutler ina wapiga kura wangapi wa Teasdale?"

Garrett akamtazama Trudy, kama zamani alipokuwa hajui funguo ziko wapi na kutaka yeye ajibu.

"Nilikuwa... natafuta maoni mapana," akasema.

Watu wa nyuma wakacheka. Jaji hakucheka. Akatoa amri, akamsomea maneno yote, pamoja na jela inayomsubiri akiikiuka, na akamuuliza kama ameelewa. Garrett akasema ameelewa kwa sauti ndogo kabisa, sauti ambayo Trudy hakujua kama anayo. Alitegemea kufurahi. Alichohisi ni kuona haya, kwamba alimpa mtu wa sauti hiyo miaka yake mizuri.

Alihama kabla theluji haijaanza. Mzee Orville alimbebea masanduku mpaka akakatazwa. Anwani yake sasa ilikuwa sanduku la serikali mjini Lansing, makao makuu ya jimbo, na karatasi ya kura ikazungukia huko kabla ya kumfikia. Ilipofika alikaa nayo jikoni, jiko dogo lenye dirisha linalotazama ukuta, akaijaza yote, hata majaji na wajumbe wa bodi ya maktaba asiowajua.

Garrett alishinda. Hakuwa na mpinzani. Hakuna mtu mwingine Teasdale aliyeitaka kazi ya mitaro.

"Kamishna!" Bernadine alisema karakanani, maana sasa alikuwa ameshaambiwa yote. "Mwenzangu, na mshahara juu!"

"Mwache akae mtaroni. Ndiyo saizi yake."

Bernadine akageuza meno aliyokuwa ameshika. "Na mimi nilikuwa nakutania kuhusu kura miaka yote hiyo. Ungeniambia."

"Ungemwambia mumeo."

"Kweli, ningemwambia." Akacheka. "Haya, na huko unakokaa sasa ni wapi?"

"Jumapili nakupikia supu. Subiri kwenye maegesho ya duka la mbegu, nitakuja kukuchukua."

"Utanifunga macho?"

"Ukiongea sana njiani, nitakufunga mdomo."