Mstari wa Mia Mbili na Kumi na Nne

Wachimbaji wa dhahabu wa Chunya hawakuwa na subira ya dakika tisa. Muuguzi Blandina wa kliniki ya huko alipiga simu Mbeya, kwa kampuni iliyotengeneza programu ya kliniki, kulalamika.

"Wanapigwa picha ya kifua, wakisikia kompyuta bado inasoma wanarudi zao mashimoni. Jana kumi na moja wameondoka bila majibu!"

Programu hiyo, ya kusoma picha na kutafuta dalili za kifua kikuu, aliiandika Aamir, mkuu wa waandaa programu katika kampuni hiyo ndogo ya mtaa wa Mwanjelwa.

"Kompyuta za kliniki zimechoka," alisema. "Wabadilishiwe."

Sekela, mwandaa programu mwenye miezi saba tu kazini, aliomba apewe wiki moja. Tayari alishapima muda, akaona karibu dakika zote zinaishia kwenye kusafisha picha. Kila mtu aliamini kwamba hesabu za pale ni nzito. Safari hii alitumia vihesabio vilivyomo ndani ya prosesa yenyewe, ubongo wa kompyuta. Aliviagiza hivi: kila prosesa ikifikisha mara elfu kumi za kukosa data kwenye kumbukumbu yake ya karibu na kulazimika kuifuata mbali, isimame kidogo, irekodi iko mstari gani wa programu, kisha iendelee.

Matokeo yalipotoka aliyasoma mara tatu. Kumbe hesabu zenyewe zilikuwa chache. Prosesa ilikaa bure ikisubiri data, na rekodi nane katika kila kumi ziliangukia mstari mmoja, wa mia mbili na kumi na nne. Picha ilihifadhiwa kwa mistari ya mlalo, lakini programu iliisoma kutoka juu kwenda chini, ikirukaruka kwa kila nukta.

Akageuza mpangilio wa kusoma, akajaribu tena. Sekunde thelathini na nane.

"Kaka Aamir, naomba uje uone."

Aamir alivuta kiti, akausoma mstari ule kwenye kioo cha kompyuta.

"Huu niliuandika mimi."

"Ndiyo, kaka."

"Na mimi nalaumu kompyuta za watu."

Aamir akainuka, akawaita wenzao wote.

"Kosa lilikuwa langu," aliwaambia. "Aliyelikamata ni Sekela, na hakuna aliyemwonyesha njia. Kaeni mjifunze alivyofanya."

Sekela aliona uso unawaka moto, ila hakuinamisha kichwa. Alianza kueleza, na alipomaliza wakamwomba arudie.

Wiki iliyofuata alikwenda Chunya mwenyewe kuweka programu mpya. Mchimbaji wa kwanza, mzee mwenye vumbi hadi kwenye nyusi, alikuwa bado anafunga vifungo vya shati Blandina alipomwita.

"Baba, majibu yako haya. Kuna dalili kwenye pafu la kulia. Utatoa makohozi sasa hivi, tupime leo leo."

"Yametoka? Mbona mara hii?"

Blandina akamwonyesha Sekela. "Binti huyu ndiye aliyeifanya kompyuta isome haraka."

Mzee alimtazama, akampa mkono. "Asante, mwanangu. Wa wapi wewe?"

"Wa Tukuyu, baba," alijibu Sekela, na sauti yake ilisikika hadi kwenye foleni nje.