Hesabu ya Mwalimu Krizek

Ukutani kwenye baa yangu kuna kipande cha gazeti ndani ya fremu, na kioo chake kimefifia kwa kuguswaguswa na vidole vya walevi. Januari 1948, timu ya kikapu ya kiwanda chetu cha masinki imeshinda ugenini kwa pointi mbili. Chini yake yamepangwa majina na tarakimu: Haldorsen, vikapu tisa, mitupo huru mitano, faulo nne, jumla pointi ishirini na tatu. Haldorsen ni mimi. Pointi si zangu.

Nasema hilo upesi kabla sijaanza kujitetea. Jumapili ile niliamka na kichwa kizito cha pombe, na wapinzani walikuwa na jitu lao la kati ambalo mwezi uliotangulia lilinivunja jino kwa kiwiko. Nikamwambia kocha kifundo cha mguu kimevimba. Mafua yalishalaza wenzetu watano, na ligi ilitambua majina kumi tu yaliyosajiliwa. Kocha akamfuata Elroy Krizek, mwalimu wa hesabu, aliyejua mpira wa kikapu kuliko sisi sote. Tatizo ni kwamba halmashauri ya shule ilikataza walimu kucheza kwa malipo. Basi akavaa jezi yangu, na karani wa mezani akaandika jina langu. Timu nyingi za siku zile zilikuwa na mtu wao wa jina la kuazima, na hakuna aliyeona ajabu. Mimi nilishinda ndani, mapazia yamefungwa, mji udhani nimesafiri na wenzangu.

Jumatatu kiwandani walininyanyua mabegani.

"Orville, ishirini na tatu! Ulikula nini, bwana?"

"Soseji za mama," nikasema.

Wakacheka, na mzaha huo nimeurudia miaka arobaini. Jina lile ndilo lililonijazia baa watu. Ukiondoa mchezo ule, misimu yangu yote mitatu ina pointi kumi na moja. Nimezihesabu mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Elroy alikuja kila Ijumaa kula samaki na mkewe, Verna. Alikaa meza ileile, ameipa fremu mgongo, na hakusema neno. Ila kila mwaka, wiki ileile ya Januari, aliwapa wanafunzi wake hesabu moja. Watoto walinijia mbio baada ya shule.

"Mzee Orville, leo tumekupiga hesabu! Tisa mara mbili, ongeza tano!"

Niliwapa soda na kucheka nao. Nilijua vizuri sana ananiambia nini, na nilimchukia kwa upole wake. Mtu akikutukana unajua pa kumshika.

Msimu wa baridi uliopita aliingia baani mchana, mapafu yakimsumbua, na kwa mara ya kwanza akakaa kaunta, uso kwa uso na ile fremu.

"Wakusanyaji wa kumbukumbu za ligi watakupigia Alhamisi," akasema. "Wanatoa kitabu. Kila aliyecheza, hata mchezo mmoja, anapata mstari wake. Naomba mstari wangu, Orville."

"Si uwaambie mwenyewe?"

"Nikisema mimi, nitaonekana kizee kinachodandia sifa za watu. Ukisema wewe, yamekwisha."

"Miaka arobaini yote, ndugu yangu. Leo ndiyo unakumbuka?"

"Mwanzoni nilihofia kazi. Baadaye nikakuonea haya wewe."

Hilo lilinichoma kuliko tusi. Hata hivyo nilimpa mkono, nikamwambia, "Nitasema."

Alhamisi simu ililia saa sita, baa imejaa watu wa chakula cha mchana. Kijana wa upande wa pili akauliza kama mimi ndiye Haldorsen wa ile ishirini na tatu. Kelele zikakatika. Wote walinigeukia wakitabasamu, vijiko mkononi.

"Ndiye," nikasema.

"Siku ile ulikula nini, mzee?"

"Soseji za mama."

Baa nzima ikaangua kicheko, nami nikacheka.

Kitabu kilitoka Machi. Elroy alikufa Aprili. Baada ya mazishi tulishuka ukumbi wa chini wa kanisa kunywa kahawa, na fundi bomba mmoja, mwanafunzi wake wa zamani, akasimama kumsifu.

"Mwalimu alikupenda sana, Mzee Orville. Kila mwaka alitupa hesabu yako."

Hapo ndipo niliposhindwa kuvumilia. Nikasimama.

"Zile pointi zilikuwa za Elroy," nikasema. "Mimi sikucheza. Nilikuwa nimelala na pombe zangu."

Mtu mmoja akapiga makofi, wakamfuata wote. Padri alifuta macho.

"Mzee huyu ana roho safi," mmoja akasema nyuma yangu. "Hata hizo anamwachia rafiki yake."

"Siachi kitu. Ni zake," nikasema, wakazidi kupiga makofi.

Siku ya pili nilimpigia kijana wa kumbukumbu. Akacheka kwa adabu, akasema bila daftari la mezani au shahidi hawezi kubadili. Daftari liliungua na kiwanda, na wote waliosafiri siku ile wamekufa. Akaongeza kwamba unyenyekevu wangu umemgusa.

Aliyeniamini ni Verna peke yake. Nilimkuta uani kwake akikunja mashati ya marehemu.

"Shemeji, nimesema kweli mbele ya watu," nikamwambia.

"Nilikuwepo," akasema bila kuinua macho. "Alhamisi ile Elroy alikaa kando ya simu tangu saa sita mpaka giza. Alidhani utampigia umwambie tayari. Kitabu kilipofika akatafuta jina lake, akakifunga, akaniomba maji. Nenda, Orville."

Gazeti la mji liliandika kuhusu mazishi yale: "Haldorsen Amtunuku Rafiki Pointi Zake." Wateja wamelitia fremu, wakalitundika chini ya lile la kwanza. Sijaliondoa. Wanaoingia husoma yote mawili, kisha huninunulia bia, nami nakunywa.