Shingo ya Cicily

Siku ambayo Cicily alimfokea mumewe, Ireri, mbele ya daktari, hakuwa amekwenda hospitalini kwa ajili yake mwenyewe. Alikuwa amemsindikiza Ireri, kama alivyofanya tangu Januari, kutoka Karurumo hadi Embu mjini, kwa daktari wa mazoezi ya viungo. Ireri aliumia mgongo Novemba akipakia mawe ya kujengea kwenye lori. Tangu hapo hakuinua hata jembe. "Daktari amenikataza kubeba chochote," alisema nyumbani, na mama yake, aliyeishi nao boma moja, akahakikisha neno hilo halivunjwi.

Kwa hiyo Cicily ndiye aliyebeba. Maji ya mtoni, mtungi wa lita ishirini mgongoni, mkanda wa ngozi ukipita kwenye paji la uso. Kuni. Nyasi za ng'ombe. Alikuwa akibeba hata kabla mume hajaumia, ila sasa safari ziliongezeka maradufu. Asubuhi aliamka shingo imekauka kama ubao, kichwa kikimgonga kutoka kisogoni hadi nyuma ya macho. Mkono wa kulia ulikuwa umeanza kuangusha vikombe. Alimeza vidonge vya dukani, akanyamaza.

Jumanne hiyo ya Mei, Ndambiri, yule daktari, alimlaza Ireri kifudifudi, kifua kikiwa nje ya kitanda, akamshika miguu na kumwambia ainue kiwiliwili akae hivyo hivyo. Akatazama saa. Ireri alianguka kwenye sekunde ya thelathini na mbili.

"Hujaongeza hata kidogo," Ndambiri alisema. "Misuli ya mgongo ikichoka upesi namna hii, siku utakayorudi kazini utaumia tena. Ule mtungi wa lita tano, umefika lita ngapi sasa?"

Ireri aliangalia ukuta.

"Mtungi gani?" Cicily aliuliza.

"Nilimwambia Januari aanze kubeba maji. Lita tano, halafu kumi, polepole. Mgongo wake ulishapona, mama. Kilichobaki ni kuupa kazi." Ndambiri aliwatazama wote wawili. "Kwani nyumbani nani hubeba?"

"Huyu hapa," Ireri alijibu haraka. "Huyu ana nguvu sana, daktari. Hajawahi kulalamika."

Ndambiri alikuwa ameona jinsi Cicily alivyogeuza mwili mzima ili amwangalie mumewe. Akamwomba alale chali, avute kidevu ndani, ainue kichwa kidogo tu, akishikilie hapo. Kufikia sekunde ya tano shingo ilikuwa ikitetemeka. Kwenye ya nane kichwa kilianguka kitandani.

Ireri alicheka. "Nane! Mimi thelathini na mbili!"

"Cheka tena," Cicily alisema akiinuka. Sauti yake ilisikika hadi kwenye benchi za wagonjwa nje. "Cheka tena, Baba Linda, wasikie! Miezi minne umekaa kwenye kiti ukiniangalia nikipanda kile kilima na maji yako ya kuoga, na ulijua unaweza kubeba!"

Kicheko kilimtoka Ireri usoni. "Niliogopa," alisema. "Siku ile mgongo ulipokatika nilijua sitasimama tena. Kila nikiinama nausikia ukikatika tena."

"Ungesema unaogopa. Ungesema tu! Ulisema daktari amekataza."

Ndambiri alimweleza Cicily bila kuzunguka: misuli mikubwa ya nje ya shingo ilikuwa imara, lakini ile midogo ya ndani, inayoshikilia kichwa kutwa nzima, ilikuwa imechakaa kwa uchovu, na huo mkono unaoangusha vitu haukuwa wa kupuuzwa. Asibebe chochote kwa mkanda wiki sita. Akamwandikia apigwe picha ya shingo, na akamwonyesha zoezi la kuvuta kidevu.

Jioni hiyo Cicily aliweka mtungi wa lita tano mbele ya kiti cha Ireri. Mama mkwe alitoka jikoni mbio.

"Utaniulia mtoto!"

"Mama, mtoto wako ana miaka arobaini na moja. Na mimi pia ni mtoto wa mtu."

Ireri aliuchukua mtungi, akashuka mtoni taratibu, mkono mmoja kiunoni, na aliporudi jasho la hofu lilikuwa limelowesha shati. Kesho yake alishuka tena.

Kufikia Agosti alikuwa akibeba lita ishirini, na kwa Ndambiri alishikilia mgongo sekunde tisini. Shingo ya Cicily ilifika ishirini na moja. Picha haikuonyesha mfupa uliovunjika wala mshipa wa fahamu uliobanwa, na vikombe viliacha kumponyoka. Lakini hasira ilibaki. Ireri alijaribu mzaha, akajaribu kununua nyama, akajaribu kuomba msamaha kweli kweli, na Cicily alimpikia, akamjibu alipoulizwa, basi.

Asubuhi moja jirani yao Alice alimwona Ireri akipanda kutoka mtoni. Akaja hadi uani, macho yanang'aa.

"Mama Linda, una bahati! Mwanamume wa kukuchotea maji! Mshukuru Mungu."

"Mimi nimemchotea miaka kumi na minane," Cicily alisema. "Yeye ulimwambia lini kwamba ana bahati?"

Alice alicheka, akidhani ni utani. Cicily alimkazia macho mpaka kicheko kikaisha.